Milimita Kumi Tu

Mashine ya kufungia matairi haijui kusoma. Ukiiwekea rimu ya inchi 15 na tairi lenye tundu la inchi 15, italizungusha na kulisukumiza ndani, fundi atajaza upepo, na mdomo wa tairi utaruka ukakaa mahali pake kwa mlio unaowashtua wateja wasiouzoea. Haitamwambia mtu yeyote kwamba tairi ni jembamba kuliko linalotakiwa, wala kwamba ni fupi. Katika namba tatu zinazotaja kipimo cha tairi la gari dogo, ni ile ya mwisho tu ambayo chuma chenyewe kinailinda, kwani ukikosea inchi ya rimu, tairi halitaingia au halitakaa. Namba mbili za mwanzo hazina mlinzi ila jicho la mtu, na jicho hilo, saa nane mchana katika gereji iliyojaa magari kisiwani Mombasa, mara nyingi limeshahamia kwenye gari linalofuata.

Nayaandika haya kwa sababu gereji moja ya hapa mjini, ambayo sitaitaja, ilinifungia matairi mawili ya mbele yenye vipimo viwili tofauti, kisha ikanitoza fedha za alainimenti, yaani kuzisawazisha pembe za magurudumu, ili kuutibu ugonjwa ilioutia yenyewe. Sina haja ya kumchafulia mtu jina. Ninachotaka ni kueleza jinsi kosa la aina hii linavyojificha, jinsi lilivyothibitishwa kwa chaki na futi ya seremala, na hoja nilizopewa kaunta, kwa sababu hoja hizo ni zilezile wanazopewa watu wengi, na mtu akizisikia kwa mara ya kwanza humwingia akilini bila shida.

Gari langu ni dogo, la kawaida, miongoni mwa yale yanayoshushwa bandarini Kilindini yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Ukifungua mlango wa dereva utaona kwenye nguzo yake stika yenye maandishi ya Kijapani ambayo siyajui, lakini namba hazihitaji mkalimani: 195/65R15 91S, na chini yake kiasi cha upepo, 220 kwa kipimo cha kilopaskali, ambacho ni sawa na 32 kwa geji zetu za vituo vya mafuta. Stika hiyo ndiyo hukumu. Nalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi hawaitazami kabisa; wao hutazama tairi lililomo garini na kufunga mfano wake. Kwa gari lililonunuliwa jipya kiwandani huenda desturi hiyo isidhuru, lakini gari lililopita mikononi mwa mtu mwingine ng'ambo, kisha kwa muuzaji wa hapa, huenda likaja na matairi yaliyochaguliwa kwa sababu tu yalikuwa rahisi siku hiyo, na kosa la mtu wa kwanza likarithiwa na kila fundi anayelishika gari baadaye.

Namba zenyewe si fumbo. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 si milimita bali ni asilimia, yaani kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana wake, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu hudhani kwamba matairi mawili yenye 65 yana ubavu uliolingana. Hayana. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75, na asilimia 65 ya 185 ni milimita 120.25. Ukiongeza ubavu wa juu na wa chini kwenye rimu ya inchi 15, ambayo ni milimita 381, tairi la 195/65R15 linasimama milimita 634.5, na la 185/65R15 linasimama milimita 621.5. Tofauti ya milimita 10 katika upana imezaa tofauti ya milimita 13 katika kimo, jambo ambalo hakuna mtu kaunta aliyekuwa tayari kulisikia mpaka nilipoliandika kwenye karatasi.

Baada ya hapo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Tairi lenye 91 limepimwa kubeba kilo 615, na lenye 88 kilo 560. Herufi S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa, T ni 190 na H ni 210. Kupanda herufi si kosa, na mimi niliuziwa H bila ya kulalamika. Kushuka kwa namba ya mzigo ni jambo jingine, hasa kwa gari ambalo mwisho wa wiki hubeba watu watano na magunia ya nazi kutoka Kilifi.

Kabla ya kununua nilimtumia msimamizi wa gereji picha ya stika ya mlangoni kwa WhatsApp, nikamuuliza kama anayo matairi mawili ya kipimo hicho. Akajibu: "Yapo bwana, karibu." Nilifika, nikaoneshwa rundo, bei ikapatanwa, nikalipa kwa M-Pesa, na gari likapandishwa jeki. Matairi yote mawili yalikuwa ya kampuni moja na yenye mchoro mmoja wa meno, na yote yalikuwa bado na zile nywele za mpira na utepe wa karatasi wa dukani. Kijana aliyefunga alifanya kazi yake kwa unadhifu: alipiga brashi mdomo wa rimu, akapaka maji ya sabuni, akabadilisha valvu bila ya kuombwa, akabalansi kwa vipande vya risasi, akakaza nati kwa mkono baada ya spana ya upepo. Sikuwa na neno juu ya mkono wake, na mpaka leo sina. Utepe wa karatasi ulibanduliwa na kutupwa pamoja na takataka nyingine kabla tairi halijapanda mashineni, na kumbe ilikuwa pale, katika utepe wa tairi la pili, ndipo namba 185 ilipoandikwa kwa herufi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Gari lilianza kuvuta kulia siku hiyohiyo. Halikuvuta kwa nguvu. Kwenye foleni ya Saba Saba huwezi kuligundua jambo kama hilo, na hata juu ya Daraja la Nyali nililichukulia kuwa ni upepo wa baharini. Lakini kwenye barabara ya Malindi, ukishaipita Mtwapa na barabara ikanyooka, mikono yangu ilikuwa ikiurudisha usukani kushoto kila wakati, na nilipokanyaga breki gari lilijitupa kulia kidogo kabla ya kutulia. Huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto. Gari linalovuta kushoto litakupeleka kwenye mchanga na michongoma. Linalovuta kulia linakupeleka usoni mwa lori linalorudi kutoka Malindi. Kwa hiyo tofauti ambayo ningeivumilia upande mmoja sikuwa na sababu ya kuivumilia upande wa pili.

Niliporudi, msimamizi hakubishana nami hata kidogo, na wepesi wake ulinifurahisha wakati ule. Alisema gari linataka alainimenti, na kwamba ile waliyoifanya wakati wa kufunga matairi ilikuwa "ya haraka". Nililipa tena. Gari likapandishwa kwenye mashine, vishikio vikabanwa kwenye rimu nne, na karatasi ikachapwa yenye namba zote za rangi ya kijani, kumaanisha kwamba kila gurudumu liko ndani ya kiwango. Gari likaendelea kuvuta kulia. Likarudishwa mashineni, likatoka tena na kijani, na safari hii fundi aliamua kuzikaza taairodi, vile vyuma vinavyoyaunganisha magurudumu na usukani, kwa kukisia tu ili usukani "uzoee", matokeo yake nembo ya katikati ya usukani ikawa imelala upande hata gari likiwa linaenda sawa.

Karatasi ile ya kijani haikuwa ya uongo, na ndiyo maana ilitupoteza sote. Mashine ya alainimenti hubana vipimo vyake kwenye rimu na kusoma pembe za rimu: kama magurudumu yametazama ndani au nje, kama yamelala au yamesimama. Haiupimi mpira. Mpira wa kulia ungeweza kuwa mfupi kuliko wa kushoto, na kwa mashine ile hakuna kilichobadilika, kwa sababu rimu zote mbili ni za inchi 15 na zote zimesimama wima. Fundi anayeamini kwamba kila mvuto wa usukani ni alainimenti atakizungusha kile anachoweza kukizungusha, na kila akizungusha atakiharibu kilichokuwa kizima.

Aliyeliona kosa ni mziba pancha wa Kongowea ambaye kibanda chake hakizidi meza na kompresa. Nilikwenda kwake kujaza upepo tu. Alijaza la kushoto, akajaza la kulia, akarudi la kushoto, kisha akachuchumaa mbele ya gari na kulitazama kwa muda bila ya kusema neno. Nilidhani ameona msumari.

"Mzee," akaniambia, "hawa ni ndugu, lakini si pacha."

Akanionesha kwa kidole. Kushoto, ubavuni, namba zilizochomoza kwenye mpira mweusi zilisoma 195/65R15 91H. Kulia zilisoma 185/65R15 88H. Kampuni moja, jina moja la mfano, meno yaleyale. Ili mtu azione zote mbili alipaswa kulizunguka gari kutoka upande mmoja hadi wa pili na kuibeba namba ya kwanza kichwani, na kazi hiyo hakuna aliyeifanya tangu gari lishuke kwenye jeki, si kijana aliyefunga, si msimamizi, wala fundi wa mashine ya alainimenti ambaye alivikaza vishikio vyake sentimita chache kutoka kwenye namba hizo.

Nilimwuliza kama tofauti ile inaweza kupimika, maana nilijua kwamba nikirudi gereji na neno langu tu nitaambiwa ni namba tu. Alisogeza gari kwenye sakafu ya saruji iliyo mbele ya duka la jirani yake, akaazima futi kwa seremala, akachukua kipande cha chaki. Akapiga mstari mmoja kwenye tairi la kushoto pale linapogusa ardhi, na mwingine sakafuni ulioungana nao. Akafanya vivyo hivyo upande wa kulia. Kisha tukalisukuma gari polepole, usukani ukiwa umenyooka, yeye akilifuata tairi la kulia kwa kuinama na mwanawe akilifuata la kushoto. Mstari wa kulia uliwahi kufika chini. Tuliweka alama, tukasukuma kidogo tena, na wa kushoto nao ukafika. Baina ya alama mbili zile palikuwa na karibu sentimita 4.

Hesabu ya karatasi inasema hivyohivyo. Tairi la kimo cha milimita 634.5 huzunguka milimita 1,993 kwa duru moja, na la 621.5 huzunguka milimita 1,952 na nusu. Kwa kuwa gari zima linakwenda umbali mmoja, tairi dogo halina budi kuzunguka mara nyingi zaidi: takriban duru 512 kwa kilomita mahali ambapo mwenzake anazunguka 502. Kutoka Mombasa hadi Malindi, ambako ni kilomita 120 hivi, tairi la kulia litakuwa limezunguka zaidi ya mara 1,200 kuliko la kushoto, na duru hizo za ziada lazima zipokewe mahali. Zinapokewa na difu, ile gia inayoyagawia magurudumu mawili nguvu ya injini. Difu imetengenezwa ili kuyaruhusu magurudumu mawili yatofautiane mwendo wakati wa kupinda kona, kwa kuwa gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Barabara ikinyooka, gia zake ndogo za ndani hupumzika. Gari lenye matairi yasiyolingana kwenye ekseli inayosukuma haliipi difu mapumziko hayo, linaifanya iamini kwamba Mombasa hadi Malindi ni kona moja isiyokwisha. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne madhara huwa makubwa zaidi, maana hapo hata matairi ya mbele na ya nyuma yanapaswa kulingana, vinginevyo kiungo kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma hupata moto bila kazi.

Breki nayo ina maelezo yake. Diski za mbele hubanwa kwa nguvu sawa kulia na kushoto, lakini tairi fupi lina mkono mfupi kutoka kwenye kitovu hadi ardhini, kwa hiyo nguvu ileile ya diski hutokea ardhini ikiwa kubwa kidogo upande huo. Ndiyo sababu gari lilijitupa kulia pale nilipokanyaga, na upande huo wa gari, uliokwisha kushuka milimita 6 na nusu, ulizidi kulivuta gari kwake. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame wakati wa breki, haikuwaka hata mara moja. Mtu asiitegemee taa hiyo kumjulisha kosa kama hili.

Nilirudi gereji nikiwa na picha za bavu zote mbili na picha ya mistari ya chaki. Msimamizi alizitazama kwa utulivu, akanirudishia simu.

"Bwana, hizo ni milimita kumi tu."

Hii ndiyo hoja ya kwanza, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa sababu inamfanya mlalamikaji aonekane mchoyo wa vitu vidogo. Sikuijibu kwa mdomo. Nilimwomba karatasi nikaandika hesabu ya kimo, kisha nikamwuliza swali moja: kama milimita 10 si kitu, kwa nini kiwanda kinatengeneza matairi yote mawili na kuyaandika namba tofauti? Alitabasamu, akahamia hoja ya pili, kwamba gari lilikuja na kipimo hicho. Matairi yangu ya zamani hayakuwapo tena. Gereji nyingi huyauza kwa wazibaji pancha na kwa watu wanaotengeneza viatu na bembea, na mteja mwenyewe hufurahi kuondokewa na uchafu. Lakini tairi la zamani ndilo shahidi wa kipimo ambacho gari lilikuja nacho, na tangu siku hiyo hulitia butini mpaka nifike nyumbani. Kilichoniokoa ni ile picha ya stika kwenye WhatsApp, yenye tarehe na saa, na jibu lake la "yapo bwana" chini yake.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba tairi limekwisha kutembea na halirudishwi. Hapa nilimwelewa. Tairi lililogusa lami haliuziki tena kama jipya, na hasara hiyo ni ya kweli. Swali ni ya nani. Akiichukua mteja, atakuwa amenunua kitu ambacho hakukiomba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, imelikata jambo hili kitambo: bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo. Maelezo yalikuwa 195/65R15, kwa maandishi, na muuzaji aliyakubali. Juu ya hapo ipo Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 iliyotungwa kwa msingi huo. Sikuyasema yote haya kaunta. Mtu anayeanza kutaja vifungu mbele ya wateja wengine humlazimisha mwenzake kulinda heshima yake badala ya kulitazama tairi. Niliyaweka akiba.

Jambo moja tu katika sheria hizo linahitaji haraka. Mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu baada ya kugundua kasoro anaweza kuhesabiwa kuwa ameikubali, na hapo haki yake ya kuirudisha hudhoofika hata kama ya kudai fidia inabaki. Kwa hiyo kabla sijatoka Kongowea nilikuwa nimekwisha kumtumia msimamizi ujumbe wa maandishi wenye picha, nikisema kwamba tairi la kulia si kipimo nilichonunua na kwamba silikubali.

Risiti ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko vyote. Ile niliyopewa iliandikwa kwa mkono: "Tairi 2, na kazi", na jumla. Hapakuwa na kipimo, kampuni, namba ya gari wala tarehe ya kutengenezwa kwa tairi. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha nani alimlipa nani, kiasi gani na saa ngapi, lakini hausemi alilipwa kwa ajili ya nini. Kama pasingekuwa na ile picha, mimi na gereji tungekuwa na maneno yetu tu, na katika mabishano ya namna hiyo aliyeshika fedha ndiye anayeshinda. Risiti isiyotaja kipimo si uzembe wa karani peke yake. Inamfaa muuzaji, na ndiyo maana haijabadilika miaka yote hii ingawa kuandika tarakimu saba na herufi moja hakuchukui muda. Mteja akisema "niandikie kipimo kwenye risiti kabla hujapandisha gari jeki", mwuzaji atalazimika kwenda kwenye rundo, ainame, asome. Kusoma huko ndiko ninakokulipia kwa ile dakika moja ya kuonekana msumbufu.

Mwenye gereji alifika baada ya alasiri. Ni mzee mpole, wa umri wa baba yangu, na msimamizi alipoanza kumweleza yeye alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akavaa miwani, akasoma kushoto, akazunguka, akasoma kulia.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

"Marahaba mwanangu. Hili ni kosa letu."

Alisema hivyo mbele ya vijana wake, na nilimheshimu kwa hilo. Akaagiza tairi la kulia livuliwe. Kwenye ghala lao hapakuwa na jingine la 195/65R15 la mchoro uleule. Palikuwa na la kampuni nyingine, lenye kipimo sahihi, na msimamizi akalileta likibiringika. Nililikataa. Kipimo kikiwa sawa bado matairi mawili ya ekseli moja yanatakiwa kuwa na mchoro mmoja, kwa kuwa meno tofauti hufukuza maji kwa namna tofauti, na mvua za masika za pwani hazimpi mtu nafasi ya kujaribu jambo hilo kwa usalama. Mzee alikubaliana nami, akapiga simu, na tairi la mfano uleule likapatikana kwa muuzaji mwingine na kuletwa kwa pikipiki kabla ya magharibi.

Safari hii nililisoma kabla halijapandishwa mashineni, na nikasoma pia zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambazo mbili za mwanzo ni wiki ya kutengenezwa na mbili za mwisho ni mwaka. 2323, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi hukauka hata likiwa limekaa ghalani, na joto la Mombasa halilisaidii. Lililoletwa lilikuwa la miezi michache tu nyuma ya mwenzake, nikaridhika. Taairodi zilirudishwa mahali pake, alainimenti ikafanywa upya bila malipo, nembo ya usukani ikasimama, na nilipovuka Daraja la Nyali jioni ile niliachia mikono kwa sekunde moja na gari likaendelea mbele kana kwamba halijawahi kuwa na tatizo.

Palibaki suala la fedha za alainimenti ile ya katikati, niliyotozwa ili kuponya mvuto ambao haukuwa wa alainimenti. Tairi walilibadilisha kwa moyo mmoja, lakini juu ya fedha hizo msimamizi alishikilia kwamba mashine ilifanya kazi, umeme ulitumika, na karatasi ilichapwa. Maelezo yangu yalikuwa mafupi: sikununua karatasi. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha picha, ujumbe wa WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa na karatasi yao ya kijani, nikataja kiasi ninachodai na siku ya mwisho ya kukilipa, na nikaeleza kwamba baada ya hapo nitalipeleka dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, mlalamikaji anaweza kujisimamia mwenyewe bila ya wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Kwa kiasi nilichokuwa nikidai, nauli na ada za kufungua shauri zingeweza kukaribia dai lenyewe, na bila shaka mzee alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Lakini barua iliyoandikwa kwa adabu, yenye viambatisho, ni kitu ambacho mfanyabiashara hapendi kiwe mezani kwake.

Alinipigia simu mwenyewe. Alisema nusu atairudisha kwa M-Pesa siku hiyo, na ikaja tukiwa bado tunazungumza, nusu ya pili aliomba iwe punguzo kwa kazi yangu ijayo pale kwake, na akamwagiza msimamizi aniandikie, kwa kipimo safari hii: "Punguzo, alainimenti, gari la 195/65R15." Karatasi hiyo ninayo kwenye kisanduku cha gari. Haina tarehe ya mwisho, na matairi yangu ya nyuma yamekaribia kuisha.